Arobaini haitoshi: mtoto akingwe angali tumboni

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Nyeri, la kwanza kutujia akilini ni baridi. Mtu aliyezoea kulala dirisha wazi Mombasa, akifika kule chini ya Mlima Kenya mwezi wa Julai, ukungu umetanda tangu alfajiri na jua halionekani hata adhuhuri, hujiuliza watu wa huko wanaishije, na watoto wao wachanga wanaponaje. Mimi nami nilikuwa na fikira hiyo. Leo naandika kuikanusha, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu jinsi hadithi ya baridi inavyotufumba macho tusimwone adui mwenyewe.

Mwezi wa Julai mwaka 2025 dada yangu alipigiwa simu usiku wa manane. Bintiye aliyeolewa Nyeri, mtaa wa Majengo, alikuwa hospitalini na kitoto chake cha siku thelathini na sita. Hata arobaini alikuwa hajatoka. "Mama, mtoto hanyonyi, na kifua kinamwingia ndani kila akivuta pumzi." Hayo ndiyo maneno tuliyoyasikia kabla ya simu kukatika.

Msomaji asiyeijua Nyeri asidhani kwamba mwana wetu amepotelea ugenini. Majengo ya Nyeri, kama zilivyo Majengo za Nanyuki, Embu na Meru, ni mtaa wa tangu zamani wenye Waislamu. Wazee wao wengi walikuwa wachukuzi, askari na wafanya biashara waliopanda bara siku za mwanzo za utawala wa Waingereza, wakaoa huko na kuzikwa huko. Adhana husikika, akika huchinjwa, na mzazi huwekwa ndani siku arobaini kama kwetu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia si ya watu wengine. Ni yetu.

Asubuhi tulishika gari la moshi mpaka Nairobi, kisha matatu kupitia Sagana na Karatina. Dada yangu alikuwa amefunga mkoba wake: habasoda, mafuta ya karafuu, ubani wa kufukiza na leso nne. Njia nzima alikuwa na neno moja tu: "Nilimwambia asizalie huku. Baridi hii si ya mtoto."

Tulimkuta mjukuu wetu amewekewa mpira mwembamba wa hewa ya oksijeni puani, mbavu zikipanda na kushuka mbio. Daktari alikuwa msichana wa huko huko mlimani, mwenye adabu na subira. Dada yangu akamwuliza, "Daktari, ni baridi iliyompata?"

"Hapana, mama," alijibu. "Nyumbani kuna mtoto mwingine?"

Mwana wetu akasema yupo, wa miaka mitano, aenda shule ya chekechea, na Jumatatu alirudi na kamasi. Na tangu mdogo wake azaliwe, hachoki kumbusu.

"Basi ndiyo hiyo," daktari akasema. "Kwa mkubwa ni mafua tu. Kwa mdogo ni roho."

Tulikaa siku sita. Mtoto wetu alipona, alhamdulillahi. Lakini kitanda cha jirani, alichokuwa amelazwa mtoto wa miezi miwili kutoka upande wa Karatina, siku ya tatu tulikikuta kitupu. Mama yake tulimwona uani, amekaa na shali ya mtoto mapajani. Dada yangu alikwenda akaketi naye, wala hawakuwa na lugha moja ya kusemezana. Tangu siku hiyo sijamsikia tena akiilaumu baridi.

ADUI ALIYE NYUMBANI

Mtoto wetu hakupimwa kujua ni kijidudu gani, kwa kuwa kipimo hakikuwapo. Lakini daktari alitueleza kwamba kwa umri ule, na kwa dalili zile, anayeshukiwa kwanza ni kirusi kiitwacho kwa kifupi RSV. Niliporudi Mombasa nilitafuta habari zake, na niliyoyapata yalinishangaza, kwa sababu sikuhitaji kwenda mbali. Wanaokijua kirusi hiki vizuri wako Kilifi.

RSV si ugonjwa mgeni. Kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1956 katika sokwe waliokuwa na mafua huko Marekani, na mwaka uliofuata kikaonekana katika watoto wachanga. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengi huumwa mafua na kikohozi, wakapona. Lakini mtoto mchanga ana vimirija vya hewa vyembamba mno, na vikivimba na kujaa makohozi, pumzi haipiti. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 kirusi hiki kiliua watoto zaidi ya laki moja wenye umri chini ya miaka mitano. Karibu nusu yao walikuwa hawajatimiza miezi sita. Na katika kila watoto 100 waliokufa, 97 walikuwa wa nchi za hali ya chini na ya kati kama hizi zetu.

Sasa turudi kwenye baridi. Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Wellcome Trust ya Uingereza wana kituo tangu mwaka 1989, ugonjwa huu umefuatiliwa kwa miaka mingi. Huja kila mwaka, na mara nyingi hukolea miezi ya Januari na Februari. Ndugu msomaji, Januari na Februari Kilifi ni kaskazi! Ni wakati ambapo mtu hulala barazani kwa joto. Basi ikiwa ugonjwa huo huo humkaba mtoto wa Kilifi katika joto na mtoto wa Nyeri katika ukungu, kosa la baridi ni lipi? Labda ni hili tu, kwamba huwafungia watu pamoja ndani ya chumba kimoja, na jiko la makaa katikati, na moshi ule ukazidi kuudhoofisha mwili wa mtoto. Lakini anayemwambukiza si upepo wa mlima. Ni mtu aliye karibu naye.

AROBAINI NA MLANGO WAKE

Hapa ndipo nilipoifikiria desturi yetu ya arobaini. Wako vijana wanaoicheka, wakasema ni kumfunga mwanamke bure. Mimi siwaungi mkono. Wazee wetu hawakuwa na hadubini ya kuvionea vijidudu, lakini walijua kwamba mtoto mchanga si wa kuchezewa na kila mpita njia. Walimweka ndani, wakamhudumia mamaye, wakamlisha uji na supu, wakawazuia wenye vikohozi mlangoni. Kule ni kukinga. Hata leo daktari akiambiwa habari za arobaini hawezi kuibeza.

Lakini arobaini ililinda mlango wa nje. Haikuulinda mlango wa ndani. Kati ya Desemba 2009 na Juni 2010, watafiti wa Kilifi walifuatilia nyumba 47 zenye watoto wachanga, watu wapatao 490, wakichukua makamasi ya kila aliyemo mara mbili kwa wiki, mgonjwa na mzima. Walitaka kujua nani hasa anayemletea mtoto mchanga RSV. Jibu walilolipata ni kwamba katika zaidi ya nusu ya watoto walioambukizwa nyumbani, aliyetangulia kuugua alikuwa ndugu mkubwa, na wengi wa ndugu hao ni wale waendao shule.

Yaani si mgeni, wala si jicho la mtu, wala si upepo mbaya. Ni kakaye aliyetoka shule amebeba mkoba mgongoni, akakimbilia kitandani kumwona mdogo wake kwa mapenzi. Utamfungia nje mtoto huyo siku arobaini? Na hata ukimfungia, siku ya arobaini na moja je? Ugonjwa huu una nguvu kwa mtoto mpaka miezi sita na kupita. Desturi ni njema, lakini ukuta wake ni mfupi.

SINDANO YA MAMA, NGAO YA MWANA

Wengi watauliza, basi kwa nini mtoto asichanjwe pale pale anapozaliwa? Jambo hilo lilijaribiwa zamani, na matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Mwaka 1966 na 1967 chanjo ya kwanza ya RSV ilijaribiwa kwa watoto huko Marekani. Badala ya kuwakinga, iliwazidishia. Wengi wa watoto wadogo waliochanjwa walilazwa hospitalini walipopatwa na kirusi chenyewe, na wawili wakafa. Naitaja habari hii makusudi, ili asije mtu akasema nimeificha. Baada ya hapo kazi ilikaa miaka mingi bila kupata chanjo, mpaka mwaka 2013 wataalamu walipolitambua barabara umbo la ile sehemu ambayo kirusi huitumia kuingilia mwilini. Chanjo za sasa zimetokana na elimu hiyo, na njia iliyochaguliwa ni ya kumpitia mama.

Njia yenyewe si ngeni. Katika miezi ya mwisho ya mimba, mwili wa mama humpitishia mtoto kingamwili zake, yaani wale askari wa mwili, kupitia kondo la nyuma. Mama akichanjwa wakati huo, mwili wake hutengeneza askari wengi wa kupigana na RSV, na mtoto huzaliwa akiwa nao tayari. Kwa kawaida huchukua kama wiki mbili tangu sindano mpaka ngao ikamilike.

Chanjo ya Abrysvo ya kampuni ya Pfizer ilijaribiwa kwa wajawazito wapatao 7,400 katika nchi 18, zikiwemo Gambia na Afrika Kusini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba iliwapunguzia watoto ugonjwa mkali kwa asilimia 82 katika miezi mitatu ya kwanza, na kwa asilimia 69 kwa miezi sita. Ajentina na Uingereza walianza kuwapa wajawazito wao mwaka 2024. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2025 ulionyesha kwamba kwa mama aliyechanjwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kujifungua, hatari ya mtoto kulazwa kwa RSV ilipungua kwa asilimia 72.

Je, haina lawama? Kampuni nyingine, GSK, ilisimamisha jaribio lake la chanjo ya wajawazito mwaka 2022 kwa kuwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati walizidi kidogo miongoni mwa waliochanjwa. Kwa hii ya Pfizer tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo, haikutosha kuwa ushahidi. Hata hivyo Marekani waliamua kwa hadhari kuitoa kati ya wiki ya 32 na ya 36 ya mimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzia wiki ya 28, na mwezi wa Machi 2025 liliithibitisha chanjo hii, hatua inayofungua njia kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa kuinunua kwa ajili ya nchi kama zetu. Kwa watoto wanaozaliwa mapema mno, kiasi cha kwamba ngao ya mama haijawafikia, iko sindano nyingine ya kinga anayodungwa mtoto mwenyewe.

TULISHAYAONA HAYA

Najua baadhi ya wasomaji wamekwisha kunikunjia uso. Sindano kwa mja mzito! Huko Nyeri pia shaka hiyo ipo. Jirani ya mwana wetu, ajuza wa Kikuyu aliyekuja kututazama, alitukumbusha mwaka 2014, wakati maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walipoitilia shaka chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake, wakasema ina kitu cha kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema ni salama. Kwetu Waislamu hali kadhalika tuna ya kwetu. Mwaka 2003, huko Kano, Nigeria, chanjo ya polio ilikataliwa kwa tuhuma kama hiyo, na polio ikaenea upya katika nchi nyingi zilizokuwa zimekwisha kuimaliza. Waliobaki na miguu iliyolemaa si waliovumisha. Ni watoto.

Lakini tujiulize kwa haki: hiyo pepopunda iko wapi leo? Wazee wenzangu mnakumbuka. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, halafu katika wiki ile ya kwanza taya zikamkaza, mwili ukajipinda kama upinde, na kabla ya akika alikuwa amezikwa. Tukasema ni shetani. Kumbe ni kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Kilichowaokoa watoto ni uzazi safi na sindano ile ile anayopewa mama mjamzito kliniki. Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo wa wazazi na watoto wachanga kiasi cha kutokuwa tena tishio la umma. Na mama zetu waliodungwa wameendelea kuzaa, mashallah, nyumba zimejaa.

Tena hakuna hujaji anayekwenda Makka bila kuchanjwa homa ya uti wa mgongo. Masheikh wetu hupanga mstari, wakakunja mikono ya kanzu, wakadungwa, wakaenda kutafuta radhi za Mola wao. Hakuna aliyesema sindano imepunguza tawakkal yake. Kila mtu aliyekaa chuoni anaijua habari ya yule bedui na ngamia wake: hufungwa kwanza, ndipo mtu hutawakali. Iweje basi tumfunge ngamia wa hujaji, tusimfunge wa mtoto mchanga?

HAKI YETU NA KAZI YETU

Neno langu ni hili. Watoto wa Kilifi walitoa makamasi yao kwa miaka mingi ili dunia iujue ugonjwa huu. Mama zao walifungua milango, wakakubali kupimwa wiki baada ya wiki. Elimu hiyo imesaidia ulimwengu mzima. Lakini ngao ilipopatikana, waliotangulia kuipata ni wajawazito wa London na Buenos Aires. Marekani mwaka 2023 dozi moja iliuzwa kwa bei inayokaribia dola 300. Mke wa mchuuzi wa Majengo, au wa mvuvi wa Takaungu, atazitoa wapi? Kama walioshiriki kulima hawali mavuno, hiyo si haki.

Kwa hiyo yatupasa tuidai chanjo hii iwekwe katika kliniki za serikali bila malipo, kama ilivyowekwa ya pepopunda. Wakubwa wasituambie haiwezekani. Mwaka 2011 Kenya iliingiza chanjo ya vijidudu vya nimonia kwa watoto wachanga, na huko huko Kilifi ikaonekana kwamba magonjwa makali ya aina zilizolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Iliwezekana hiyo, itawezekana na hii. Masheikh na maimamu waizungumze kwenye hotuba. Wabunge na madiwani wa pwani na wa mlimani waulizwe. Na chanjo ikifika, isikute tumekwisha kuitungia uvumi.

Hali tukingoja, iko kazi isiyohitaji fedha. Mja mzito aende kliniki mapema, asingoje mwezi wa nane. Mume naye asikae nje kama aliyesindikiza mzigo, aingie asikie. Mtoto atokaye shule aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mdogo wake, na akiwa na kamasi ambusu miguu, asimbusu uso. Mgeni mwenye mafua aombe radhi kwa simu. Mtoto anyonyeshwe. Jiko la makaa litolewe chumbani, na ubani usifukizwe penye mtoto anayekohoa. Asilambishwe asali kabla ya mwaka mmoja, wala asipelekwe kukatwa kimio. Na dawa za viuavijasumu haziui virusi, hivyo zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Na kila nyumba ijue kuhesabu. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au wa miezi miwili hadi mwaka akipumua mara 50 au zaidi, au kifua kikimwingia ndani, au midomo ikibadilika rangi, au akikataa ziwa, huyo si wa kungoja asubuhi. Mwana wetu wa Nyeri hakungoja. Alimfunga mtoto kifuani, akatoka na arobaini yake haijatimia, katika ukungu wa usiku. Wako waliomlaumu kwa kuvunja mwiko. Mimi nasema aliitimiza arobaini kuliko sote, maana aliyajua makusudi yake.

Tulipokuwa tunaagana, dada yangu alimpa yule daktari leso moja kati ya zile nne. Daktari akamwuliza, "Mama, sasa umekubali si baridi?" Dada yangu akacheka, akajifunga vizuri shali yake, akasema, "Baridi ipo, mwanangu, na mimi yaniuma. Lakini huyu mjukuu wangu wa tatu, Mungu akimleta, mtamkingia tumboni au mtaningoja nije tena na mkoba wangu?"

Daktari hakuwa na la kumjibu. Swali lile halikuwa lake peke yake. Ni letu sote, na wakubwa wetu wakiwemo.